Oili nimwage mwenyewe au niirudishe pikipiki kwa wakala?

*"Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kondoa. Mwezi wa nne nilichukua pikipiki mpya ya cc 125 kwa mkopo wa SACCOS. Sevisi ya kwanza na ya pili nimeipeleka kwa wakala Dodoma mjini. Ya pili, ilipofika kilomita 2,000, waliniambia ni ya bure, lakini nilitoka na risiti ya shilingi 68,000: oili 15,000, plagi 6,000, chujio la hewa 12,000, kusafisha kabureta 15,000 na 'ufundi mwingineo' 20,000. Siku nzima ya kazi ikapotea. Mume wangu anasema oili ni kumwaga tu, tufanye wenyewe nyumbani. Fundi wa hapa kijijini anasema nimpelekee, ufundi ni 5,000. Wakala naye kanionya kwamba nikifungua hata nati moja waranti inakufa. Pikipiki sasa ina kilomita 4,100. Shule iko kilomita 7 kutoka nyumbani, na Jumamosi na Jumapili mdogo wangu anaipigia bodaboda, kama kilomita 120 kwa siku. Oili imeshakuwa nyeusi. Nifanye mwenyewe au niendelee kulipa? Naogopa kuibiwa, lakini naogopa zaidi kuiua kabla sijamaliza mkopo."*

Marahaba, Mwalimu, na hongera kwa chombo. Kabla ya kukujibu nimepiga hesabu kwa namba zako mwenyewe, maana ndani yake kuna jambo ambalo hukuliuliza. Kwenda na kurudi shule ni kilomita 14, kwa siku tano ni 70. Mdogo wako kilomita 120 mara mbili ni 240. Jumla ni 310 kwa wiki, na zaidi ya robo tatu ni za mdogo wako. Tena kutoka Kondoa mpaka Dodoma ni kilomita 150 na ushee. Umeshakwenda na kurudi mara mbili, kwa hiyo zaidi ya kilomita 600 kati ya hizo 4,100 zimekatika ukiifuata sevisi. Pikipiki inayobadilishwa oili kila kilomita 2,000 ikisafiri hivyo, safari moja tu inakula zaidi ya sehemu moja ya saba ya uhai wa oili. Ongeza lita sita hivi za petroli na siku yako ya kazi, utaona kwamba ile 68,000 siyo gharama yote.

Kwa hiyo hofu zako mbili, ya kuibiwa na ya kuharibu, zote zina msingi. Mume wako, fundi wa kijijini na wakala, kila mmoja amekuambia kipande cha ukweli na kuacha kingine. Nitakwenda nao mmoja mmoja.

Nianze na waranti, kwa kuwa ndiyo inayokufunga mikono. Kauli ya "ukifungua nati moja waranti inakufa" haiko sawa ilivyosemwa. Kichukue kile kitabu cha mmiliki ulichokabidhiwa pamoja na funguo ukisome. Utakuta kinakuelekeza wewe mwenye pikipiki ukaze cheni, urekebishe breki, upime upepo wa tairi, uangalie kiasi cha oili na usafishe chujio la hewa. Kazi hizo mtengenezaji amekuachia mwenyewe kwa maandishi. Kinachoweza kukupotezea waranti ni kuruka sevisi zilizopangwa, zile zenye kuponi na mhuri, au kufungua injini ndani, au kufunga spea isiyofaa ikaleta hitilafu. Ujue pia kwamba waranti ni ya kasoro za kiwandani. Shoo za breki, cheni, kebo, balbu na tairi ni vitu vya kulika, kwa kawaida havimo.

Kama una kuponi zilizobaki, basi zitumie. Ila mpigie wakala umuulize kama wana kituo kilichoidhinishwa karibu zaidi na wewe, na kama unaweza kubadilisha oili mwenyewe katikati ya kuponi mbili ukiwa na risiti ya oili uliyonunua. Jibu uliombe kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Uliza vilevile kama matumizi ya bodaboda yanaathiri waranti, na angalia karatasi ya bima: bima ya matumizi binafsi haimlindi mdogo wako anapobeba abiria wa kulipa. Hili la bima lina uzito kuliko oili, Mwalimu, usiliache likapita. Na ikitokea siku una madai halali ya waranti wakakukatalia kwa sababu ya nati ya cheni, Tume ya Ushindani, yaani FCC, hupokea malalamiko ya walaji. Karatasi zako ndizo zitakazokusemea huko.

Kuhusu "sevisi ya bure", neno bure hapo ni la ufundi. Oili na spea unalipa. Lakini risiti yako ina mambo ninayoyatilia shaka. Oili ilikuwa lazima. Plagi ya kawaida katika injini ndogo kama hiyo hukaa kilomita 8,000 na kuendelea. Kwa kilomita 2,000 ilitakiwa kufunguliwa, kuangaliwa, kupigwa brashi na kurudishwa. Kabureta ya pikipiki mpya inayowaka vizuri na kutulia haina sababu ya kufunguliwa, na kila inapofunguliwa bila sababu unacheza na vitundu vyembamba kuliko sindano. Chujio la hewa huenda lilistahili, kwa vumbi lenu, lakini wangekuonyesha la zamani. Na "ufundi mwingineo" wa 20,000 kwenye kuponi ya bure ungewauliza ni upi. Ukienda tena, sema mapema: "Msibadilishe kitu kabla hamjanionyesha, na spea za zamani nitaondoka nazo." Sentensi hiyo moja hupunguza risiti nyingi. Kwa haki yao niseme pia kwamba wakala mzuri kwenye kuponi hiyo anapima tapeti (yaani uwazi wa valvu), anakagua shingo ya usukani, anakaza nati ambazo pikipiki mpya huzilegeza kwa mtikisiko, na ana spana ya kupimia nguvu ya kukazia. Hayo ndiyo unayoyafuata kwake. Oili peke yake haistahili safari ya kilomita 300.

Sasa oili yenyewe, na swali la weusi.

Kwenye gari, oili ya injini inahudumia injini tu, giaboksi ina yake. Kwenye pikipiki yako lita ile moja inalainisha pistoni, inapita katikati ya meno ya gia, na klachi inaogelea humo humo. Tena injini inapozwa na upepo, haina maji, kwa hiyo oili ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya joto. Gari dogo lina lita tatu au nne za kugawana kazi hiyo, wewe una moja. Meno ya gia yanakata zile chembe ndefu zinazoifanya oili ibaki nzito ikichemka. Ndiyo maana oili iliyoingia ikiwa 20W-50 (hiyo ndiyo namba ya uzito wake), baada ya kilomita kadhaa inakuwa nyepesi zaidi ya ilivyoandikwa kwenye chupa. Ndani yake pia yanaingia masizi, unyevu na petroli kidogo inayopenya kwenye ringi injini ikiwa baridi. Safari yako ya kilomita 7 ni fupi: injini inapata moto, na kabla unyevu haujakauka wote umeshafika shuleni na kuzima. Mdogo wako kwa upande wake anabeba mzigo, anapanda vilima kwa gia ndogo, anawasha na kuzima mara arobaini kwa siku. Hayo yote ndiyo watengenezaji wanaita matumizi magumu, na kwa matumizi hayo vipindi vya sevisi hufupishwa.

Weusi si kipimo. Oili ina dawa ya kusafisha inayoyabeba masizi yasigande kwenye chuma. Fikiria maji ya kufulia sare za watoto: yakichafuka, sabuni inafanya kazi. Oili nzuri inaweza kuwa nyeusi ndani ya kilomita mia chache na ikaendelea kufanya kazi yake vizuri tu. Na oili iliyochoka, ambayo dawa yake imekwisha na uzito umevunjika, unaweza usiitambue kwa jicho. Kinachohesabu ni kilomita. Kwa matumizi ya pikipiki yako mimi ningebadilisha kila kilomita 2,000, na kama kitabu chako kinasema pungufu ya hapo, fuata kitabu. Kwa mwendo wenu hiyo ni kila wiki sita na nusu hivi. Jicho lina kazi nyingine: oili ikiwa kama chai ya maziwa, imeingia maji; ikinuka petroli kali, kabureta inavujisha; ikimetameta vichembe vya chuma, usiondoke hapo ulipo mpaka fundi aione.

Je, mume wako ana haki kusema oili ni kumwaga tu? Kazi yenyewe mtu makini anaiweza mara ya kwanza, kwa nusu saa. Lakini nimeona injini zilizouawa na hiyo "tu", kwa hiyo nitaieleza taratibu.

Ifanye ukitoka shule, injini ikiwa na moto, kisha iache dakika kumi. Oili vuguvugu inatoka na uchafu wake, ya baridi inauacha chini, ya moto sana inakuunguza. Simamisha kwenye stendi ya katikati, mahali tambarare. Funguo weka mfukoni na usizitoe mpaka oili mpya imeingia, kwa sababu kuna watu wamemwaga, wakaitwa kula, wakarudi wakapiga stata. Fungua kwanza kifuniko cha juu cha kujazia ili hewa ipite. Kisha fungua bolti ya chini, beseni likiwa tayari. Ukiwa umelala ubavuni mwelekeo wa kufungulia unachanganya: jifikirishe unatazama kichwa cha bolti uso kwa uso, halafu zungusha kinyume cha mshale wa saa. Acha idondoke robo saa nzima.

Wakati inadondoka, kagua bolti. Ina washa, yaani pete laini ya shaba au alumini inayominywa ili kuziba. Inunue mpya, bei yake ni ndogo sana. Pikipiki nyingi, hasa zile zilizotokana na muundo wa Honda CG125, zina wavu wa chuma chini ya injini wenye springi, na springi hiyo huruka ukifungua kifuniko. Kabla ya kutoa chochote piga picha kwa simu, uone kipi kilitangulia. Osha wavu kwa petroli, ukauke, urudishe ulivyokuwa. Kama yako ina chujio la oili la karatasi, kitabu kitasema libadilishwe lini. Halisafishwi.

Kukaza ndipo penye hatari kubwa kuliko pote. Bolti ni ya chuma, kasha la injini ni la alumini, na alumini ni laini. Mwaka wangu wa pili gerejini, nikiwa bado najifunza, nilikaza bolti ya oili nikiwa nimechomeka bomba kwenye mkia wa spana ili nipate nguvu. Nilidhani kukaza sana ndiyo ufundi. Nikasikia chuma kikilegea ghafla mkononi: meno ya kasha yalikuwa yameondoka yote na bolti. Pikipiki ilikuwa ya mkunga wa zahanati, na ilikaa siku tisa bila kutembea tukitafuta mtu wa kuchonga meno mapya. Siku tisa zile alikwenda kwa miguu kwa wajawazito wake. Sijazisahau. Kwa hiyo anza kwa vidole mpaka bolti ikae yenyewe. Ikigoma, itoe na uanze upya, usiilazimishe. Halafu shika spana fupi, karibu na kichwa chake, ukaze mpaka uhisi washa imeminywa, ongeza kidogo tu, basi. Kuzuia kuvuja ni kazi ya washa, si ya misuli.

Oili mpya ipime kwa kiasi cha kitabu. Kwa pikipiki za aina yako huwa ni lita moja au inazunguka hapo, lakini "inazunguka hapo" haitoshi, soma namba. Iwashe dakika moja au mbili, izime, isubiri kidogo, kisha angalia kijiti au kioo. Vijiti vingi hupimwa vikiwa vimekaa tu kwenye tundu, bila kuzungushwa kwenye meno yake. Ukikikaza ndipo upime, utadhani oili imejaa kumbe haijajaa. Na usijaze kupita alama ya juu ukidhani unaifadhili injini. Oili ya ziada hupigwapigwa na gia ikatoa povu, hutafuta njia ya kutokea, na mara nyingi huishia kwenye chujio la hewa.

Chupa ununue ya pikipiki. Tafuta maandishi JASO MA au MA2. Hicho ni kiwango cha Kijapani kinachoonyesha kwamba oili hiyo haitaifanya klachi iteleze. Oili nyingi za magari ya kisasa zina dawa ya kupunguza msuguano ili gari linywe mafuta kidogo, na klachi yako inaishi kwa msuguano huohuo. Ukiiweka, siku moja utapanda mlima injini inalia na mwendo hauongezeki. Uzito fuata kitabu, mara nyingi ni 20W-50. Nunua duka unaloweza kurudi kulalamika, angalia kizibo kama hakijachezewa, na ukimaliza toboa chupa tupu kwa kisu, kwa kuwa wapo wanaookota chupa safi wakazijaza oili iliyochujwa. Oili chafu usiimwage uani wala usimpake mbwa wala kidonda, ina sumu zinazopenya ngozini. Irudishe kwenye dumu, upeleke gereji kubwa siku ukienda mjini, na mikono uoshe kwa sabuni.

Lakini nikiulizwa ni kitu gani kitaiua pikipiki yako upesi, sitataja oili kwanza. Nitataja vumbi. Ninyi mnaishi kwenye ule udongo mwekundu ambao mmomonyoko wake uliifanya serikali ianzishe mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) mwaka 1973, na barabara ya kwenda shuleni kwako bila shaka unaijua kiangazi inavyokuwa. Ndani ya vumbi hilo kuna mchanga mwembamba, mgumu kuliko chuma cha silinda. Ukipita chujio, unajibandika kwenye oili ya ukuta wa silinda na kuwa kama msasa: kila pistoni inapopanda na kushuka inajisaga. Baada ya miezi michache ringi zimelegea, moshi wa bluu unatoka, oili inapungua, na watu wanasema injini ilikuwa mbovu tangu kiwandani. Chujio la hewa, ambalo mafundi tunaliita eaklina, lifungue kila wiki mbili kiangazi. La sponji unaliosha kwa maji na sabuni, unalikausha kivulini, unalipaka oili kidogo na kulikamua, maana oili ndiyo inayokamata vumbi. La karatasi haliloweshwi kamwe. Unaligonga taratibu, au unalipuliza kwa upepo hafifu kutoka upande wa ndani kwenda nje, na likichakaa unabadilisha. Mtu akikushauri kutoboa boksi la chujio "ili pikipiki ivute hewa", mwambie mdogo wako asikubali, hata rafiki zake wote kijiweni wamefanya hivyo.

Cheni na breki ni rahisi na ni zako kabisa. Cheni ipime katikati ya upande wa chini: iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30 hivi, au ulivyoandikwa kwenye kitabu. Zungusha gurudumu upime sehemu kadhaa, kwa kuwa cheni hailiki sawasawa, na seti kwa pale ilipokaza zaidi. Cheni iliyolegea inaruka, iliyokazwa mno inavunja beringi ya sproketi ya mbele, na hiyo ya pili ni ghali zaidi. Alama za pande zote mbili za swingi ya nyuma zilingane, la sivyo gurudumu linakaa upande. Isafishe kwa brashi na mafuta ya taa, paka oili nzito ya gia, futa inayozidi isikusanye vumbi. Breki za ngoma zina mshale kwenye mkono wake: ukifika alama ya mwisho unapokanyaga, shoo zimekwisha, na kuendelea kukaza kebo ni kujidanganya.

Kuna mahali ningekuomba usiguse, angalau bado. Tapeti ni mojawapo. Ule uwazi kati ya mkono na shina la valvu ni mdogo sana. Kwenye CG125 ni milimita 0.08, kama unene wa unywele, na injini nyingi za ukubwa huu zinazunguka kati ya 0.05 na 0.10, zikipimwa baridi kwa fila geji, vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia uwazi. Watu wengi huogopa mlio wa tiki-tiki na kumwambia fundi "kaza unyamaze". Ukimya huo ndio mbaya. Valvu ya moshi hupoa pale inapofunga na kugusa kiti chake. Ukiibana isifunge vizuri, joto halina pa kwenda, ukingo wake unaungua, na nguvu ya injini inapotea. Mlio mdogo wa sawasawa ni afya. Kazi hii unaweza kuifahamu siku moja, lakini jifunze kwanza ukiwa umesimama pembeni ya anayeijua. Shingo ya usukani, beringi za magurudumu, breki ya diski na maji yake, mfumo wa umeme na kufungua kabureta navyo viwekee mafundi.

Honda walipotoa CG125 mwaka 1976, waliijenga kwa ajili ya nchi ambako sevisi hufanyika kwa nadra. Badala ya kemshafti ya juu inayozungushwa na taimingi cheni, yaani cheni ya ndani ya injini, walitumia fito za kusukuma valvu, ili ivumilie uzembe. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa barabarani kwetu ni wajukuu wa injini hiyo, na nadhani ndiyo iliyotuzoesha kuamini kwamba pikipiki haifi. Nyingi za leo zina taimingi cheni na zinahitaji oili safi kufika juu kabisa. Yako ikiwa ya namna hiyo, haina uvumilivu ule.

Tuje kwa fundi wa kijijini, ambaye umemtaja kama vile ni njia ya mkato. Mimi namwona tofauti. Shilingi 5,000 kwa mtu aliye karibu, anayekujua na utakayemwona kesho, ni bei nzuri sana, kwa sharti kwamba mikono yake iwe mizuri. Mtazame akifanya kazi ya mtu mwingine kabla hujampa yako. Anatumia spana inayoenea kichwa cha nati, au anapiga patasi na nyundo? Bolti anazitia kwenye kopo au anazitupa mchangani? Ana kitambaa? Ukiridhika, nenda na oili yako mwenyewe, washa yako, na ukae hapo hapo mpaka wavu urudi ndani. Fundi mwenye heshima haudhiki kutazamwa. Pia ndiye mtu sahihi wa kukusimamia mara ya kwanza utakapomwaga oili kwa mkono wako: mlipe zile 5,000 zake, wewe shika spana, yeye aelekeze.

Kwa hiyo kwa hali yako ningegawa hivi. Kuponi zilizobaki ziende kwa wakala, kwa ajili ya mhuri, tapeti na shingo, nawe ukisimama kidete juu ya risiti. Oili za katikati, kama wakala atakubali kwa maandishi, umwage nyumbani. Akikataa, pima: kwa kilomita 310 kwa wiki mnakaribia 16,000 kwa mwaka, na waranti nyingi huisha kwa muda au kwa kilomita, chochote kitakachotangulia, kwa hiyo huenda yako ikaisha mapema kuliko unavyofikiri. Kuacha oili ichakae ili kulinda waranti ni hasara mara mbili, maana injini iliyokufa kwa oili mbovu hakuna wakala atakayeilipia. Chujio, cheni, breki na tairi ni kazi ya nyumbani kuanzia leo. Spana za kuanzia huhitaji nyingi: namba 10, 12, 14, 17, ile ya plagi iliyokuja na pikipiki, bisibisi na beseni. Wewe na mume wako mnunue nzuri, chache, kuliko boksi zima la chuma laini linalomumunya vichwa vya nati.

Na mdogo wako aingie kwenye hesabu. Robo tatu ya oili anaila yeye, basi robo tatu ya oili aichangie, na Jumapili jioni arudishe pikipiki cheni ikiwa imefutwa. Daftari moja likae ndani ya kiti: tarehe, kilomita, kilichofanyika, risiti imebanwa hapo hapo. Wewe ni mwalimu, hilo sikufundishi.

Ipeleke kwa fundi mwenye uzoefu bila kuchelewa ukiona moshi wa bluu, klachi inateleza hata baada ya kurekebisha kebo, usukani unatikisika au unakwama katikati, sauti ya cheni ikitoka ndani ya injini, au oili inashuka kutoka alama ya juu hadi ya chini kabla ya kilomita 1,000. Meno ya bolti yakiondoka, usizungushie uzi wala plastiki na kuendelea. Yachongwe mapya kwa mtu mwenye mashine.

Kwa sasa una kilomita 2,100 juu ya oili iliyowekwa kwenye sevisi ya pili, kwa hiyo wakati wake umefika. Mpigie wakala kesho, uliza yale maswali ya maandishi, na oili ibadilishwe kabla mdogo wako hajaichukua Jumamosi. Wavu ukitoka, upige picha kabla hujauosha. Ukiona kitu kinachong'aa, nitumie niitazame.